Lugha ya Amri: Alama za Ubaguzi wa Kikoloni katika Kiswahili cha Katanga

Utangulizi

Nilipokuwa nakusanya data kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nilikaa na wazazi wa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, nikawauliza swali moja: mngependa mtoto wenu afundishwe kwa lugha gani katika miaka yake ya kwanza ya shule? Nilitegemea kusikia habari za vitabu, za walimu, au za ajira. Mama mmoja muuza samaki alinijibu kwa swali: "Mwanangu, wewe ulisoma kizungu mpaka ku iniversite. Sasa unapenda bana betu babakie na Kiswahili ya baboyi?"

Wenzake walicheka. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na hoja tayari: mtoto hujifunza kusoma vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa. Hoja hiyo bado naiamini. Lakini mama yule hakuwa anabisha juu ya ufundishaji. Alikuwa anakumbuka jambo, ingawa alizaliwa baada ya uhuru na hakuwahi kuwa boyi wa mtu yeyote. Makala hii inajaribu kujibu swali lake kwa heshima linalostahili. Nitaonyesha kwamba ubaguzi wa kimfumo wa wakati wa koloni haukuacha alama katika ardhi na mishahara tu. Uliacha alama katika lugha zetu, na zaidi katika namna tunavyozithamini. Anayetaka kutetea lugha za Kiafrika shuleni bila kuzitaja alama hizo atakuwa anajenga nyumba juu ya msingi ambao hakuukagua.

1. Ubaguzi wa kimfumo ni nini?

Mtu mmoja akimtukana mwenzake kwa sababu ya rangi yake, huo ni ubaguzi, lakini tusi hilo linaweza kuisha siku hiyohiyo. Ubaguzi wa kimfumo ni kitu kingine. Ni pale sheria, ramani ya mji, ngazi ya mishahara, mtaala wa shule na desturi za ofisi zinapofanya kazi pamoja ili kundi moja la watu libaki chini, hata kama karani aliyeko dirishani hana chuki na mtu. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji watu wabaya kila siku. Unahitaji tu watu wanaofuata utaratibu. Ndiyo maana unaweza kuendelea kuzaa matunda baada ya waliouanzisha kuondoka. Sheria hufutwa siku moja. Mazoea hayafutwi kwa tangazo.

2. Mji uliokatwa sehemu mbili

Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Mji ulipangwa kwa rangi. Katikati walikaa Wazungu. Waafrika waliwekwa katika "cité indigène", na kati ya pande hizo mbili ikaachwa ardhi tupu iliyoitwa eneo la katikati. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: kuzuia malaria isiwafikie Wazungu. Lakini maboyi, wapishi na walinzi walivuka eneo hilo kila asubuhi kwenda kupika chakula cha Wazungu na kulea watoto wao. Mbu hakuwa ndiye aliyeogopwa peke yake.

Anayetembea leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo bado anaweza kuusoma mpango ule kwa miguu yake. Upande mmoja barabara ni pana na viwanja ni vikubwa. Upande mwingine viwanja ni vidogo na nyumba zimebanana. Hakuna sheria inayomzuia mtu mweusi kulala mjini siku hizi. Lakini aliyerithi kiwanja kidogo hakurithi kikubwa, na mtaa uliojengwa kwa ajili ya kulaza wafanyakazi haukugeuka kuwa mtaa wa mabwana kwa sababu tu bendera ilibadilishwa.

Ramani hiyo ilikuwa pia ramani ya lugha. Katikati ya mji kilisemwa Kifaransa. Ng'ambo ya eneo la katikati zilisemwa Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kisonge, Kinyarwanda na nyinginezo, na juu yake Kiswahili kikawa lugha ya wote. Mahali pande mbili zilipokutana, yaani mgodini, jikoni, kituo cha polisi na ofisini, Kiswahili kilitumika kwa kazi maalumu: kuamrisha.

3. Kiswahili kama chombo cha kazi

Kiswahili hakikuletwa Katanga na Wabelgiji. Kilikuwa kimeshafika na misafara ya biashara katika karne ya 19, wakati wa ufalme wa Msiri huko Bunkeya. Wala tusijidanganye kwamba wakati huo kilikuwa lugha ya usawa; biashara ile ilikuwa pia biashara ya watumwa. Hata hivyo, kuenea kwake katika migodi kulitokana na uamuzi wa kisiasa. Miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na pijini ya migodi ya kusini ilisikika hapa pamoja na Kiingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakubwa wa koloni waliogopa mkono wa Waingereza. Walianza kuchukua wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Kivu na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikafaa kuwaunganisha watu hao na kuwatenga na kusini. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alieleza historia hiyo kwa kirefu.

Chukua vitabu vidogo vya maneno vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu waliofika Katanga. Mwanafunzi wa pragmatiki huona haraka uzito uliopewa kitenzi katika hali ya amri: leta, beba, fagia, ngoja, toka. Sasa linganisha namna tatu za kuomba maji kwa Kiswahili:

(a) Leta maji.
(b) Uniletee maji.
(c) Naomba uniletee maji.

Kwa maana ya msingi, zote ni moja. Kwa uhusiano wa watu, ni dunia tatu tofauti. Katika (b) kuna hali tegemezi na kauli ya kutendea. Msemaji anamtambua anayetenda na anayetendewa. Katika (c) msemaji anakiri kwamba anayeombwa anaweza kukataa. Katika (a), isiposemwa kwa mtoto au kwa rafiki wa karibu, anayeambiwa ni mkono tu. Bwana aliyejifunza (a) peke yake alidhani amejifunza Kiswahili. Na kwa kuwa alisikia majibu mafupi ya mtu anayeogopa, "Ndiyo, bwana", alihitimisha kwamba Kiswahili ni lugha fupi ya watu wenye mawazo mafupi. Hivyo mfumo ulitengeneza ushahidi wake wenyewe.

Wakati huohuo, ng'ambo ya eneo la katikati, watu walikuwa wanafanya kazi nyingine na lugha hiyohiyo: wanaposa, wanazika, wanagombana, wanachekesha, wanahubiri. Kiswahili cha Katanga chenye utani na heshima kilikuwapo. Bwana hakukisikia kwa sababu hakualikwa.

4. "Tu" na "vous"

Ubaguzi haukukaa katika Kiswahili peke yake. Tarehe 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alipohutubia mbele ya Mfalme Baudouin, alitaja mateso mengi: kazi ya kulazimishwa, mishahara duni, ardhi iliyonyang'anywa, mapigo. Katikati ya orodha hiyo aliweka jambo la sarufi. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa "tu", si kama rafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilihifadhiwa kwa Wazungu peke yao.

Kwa nini kiongozi, siku ya uhuru, ataje kiwakilishi? Kwa sababu kila aliyemsikiliza alijua uzito wake. Mzee mwenye wajukuu aliitwa "tu" na kijana wa miaka ishirini, akajibu kwa "vous". Katika lugha nyingi za Kibantu zinazosemwa Katanga, mkubwa huheshimiwa kwa wingi, na desturi hiyo imeingia katika Kiswahili chetu. Ndiyo maana tunamsalimia mzee mmoja "Jambo yenu". Kwa hiyo "tu" ya bwana iliumiza mara mbili. Ilivunja adabu ya Kifaransa, na ilivunja adabu ambayo mzee aliijua tangu kwa mama yake.

Tusiseme jambo hilo limekwisha. Simama karibu na dirisha la ofisi yoyote ya umma ukasikilize. Mama mwenye kitenge na kapu huulizwa: "Tu veux quoi?" Bwana mwenye koti huulizwa: "Vous désirez?" Anayeuliza ni mweusi, na wanaoulizwa wote wawili ni weusi. Rangi imeondoka katika sentensi, lakini nafasi iliyoachwa na rangi imejazwa na koti.

5. Kipimo cha "ustaarabu"

Mwaka 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukafuata utaratibu wa uandikishaji, kwa Waafrika walioitwa "évolués", yaani waliokwisha kupanda ngazi. Aliyeomba alichunguzwa yeye na nyumba yake: anakula mezani? Ana mke mmoja? Choo chake ni safi? Anazungumza Kifaransa gani na watoto wake? Waliokubaliwa kuandikishwa walikuwa mia chache tu katika nchi yenye mamilioni ya watu. Na hata hao hawakupata mshahara sawa na wa Mzungu.

Mtego wa kipimo hicho haukuwa ugumu wake tu. Ulikuwa katika mafunzo yake: kilimfundisha mtu kwamba utu ni cheti, kwamba cheti hutolewa na mwingine, na kwamba Kifaransa cha mtoto wako mezani ni sehemu ya ushahidi. Upande wa pili wa kipimo ulikuwa neno "musenji". Neno hili lilitoka pwani, ambako "mshenzi" alikuwa mtu wa bara asiyefuata ustaarabu wa pwani. Koloni ililikuta, ikalitumia kwa wingi. Leo, katika mitaa ya Lubumbashi, mtoto aliyezaliwa mjini humwita hivyo mtoto aliyefika jana kutoka kijijini, na hasa humwita hivyo kwa sababu ya lafudhi yake. Tusi limebadilisha wenyewe mara tatu, lakini kazi yake haijabadilika.

Hali kadhalika neno "boyi". Katika Kiingereza ni mtoto wa kiume. Koloni ililifanya jina la mtumishi, hata awe na mvi. Bado tunalitumia. Mtu anayempikia na kumfulia mwenzake leo, mwenye umri wa kuwa baba yake, anaitwa boyi, na mwenye nyumba haoni kosa lolote.

6. Shule: jeraha linalofanana na dawa

Sasa naweza kurudi kwa mama wa Katuba. Hoja ya wataalamu wengi wa Afrika ni kwamba ukoloni ulizikandamiza lugha zetu kwa kulazimisha lugha ya Ulaya. Kwa koloni za Ufaransa hoja hiyo ina nguvu. Kwa Kongo ya Ubelgiji hadithi imepinda. Hapa elimu iliachiwa misheni kwa sehemu kubwa, na watoto weusi walio wengi walifundishwa kwa lugha za Kiafrika: kusoma, kuandika, kuhesabu, dini na kazi za mikono. Kifaransa kilitolewa kwa kijiko, kwa wale waliohitajika kuwa makarani, wauguzi na wasaidizi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini, na katika jeshi la Force Publique hapakuwa na ofisa mweusi hata mmoja.

Kwa maneno mengine, hapa lugha ya Kiafrika ilitumika kama mlango uliofungwa. Kilichomzuia mtoto asifike mbali hakikuwa Kiswahili chenyewe. Kilikuwa ni uamuzi kwamba baada ya Kiswahili hakuna kinachofuata. Lakini mzazi aliyesimama nje ya mlango hakuweza kutenganisha mambo hayo mawili. Aliona kwamba waliosoma kwa Kiswahili walibaki kubeba, na waliopata Kifaransa walikaa kwenye kiti. Akawaambia watoto wake, nao wakawaambia wao. Afrika Kusini ina mfano unaofanana: sheria ya elimu ya mwaka 1953 ilirefusha ufundishaji kwa lugha za mama kwa watoto weusi ndani ya mtaala duni, na mpaka leo wazazi wengi huko wanaishuku shule ya lugha ya mama.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia. Lakini katika shule nyingi za mjini, mtoto anayeteleza akasema Kiswahili huvishwa kitu shingoni, nacho humkaa mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilivishwa kipande cha ubao nikiwa darasa la tatu. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilijifunza kunyamaza. Siku ya tatu nilijifunza kuvizia wenzangu. Sikumbuki kwamba Kifaransa changu kiliongezeka siku hizo. Ninachokumbuka ni kwamba nilianza kumwonea aibu bibi yangu alipokuja kunichukua langoni, akiniita kwa sauti kwa lugha yake.

7. Na sisi wanaisimu je?

Itakuwa rahisi kuwalaumu walimu wa shule za msingi na kuisahau fakultee. Kiswahili cha Lubumbashi kimeitwa kwa majina mengi: Kiswahili kilichovunjika, lugha ya kambi, Kiswahili kisicho na sarufi. Kando yake kuna kile kinachoitwa "Kiswahili bora", cha misheni na vitabu. Angalia sentensi hii ya kawaida:

Bantu benye bilikuya jana biko mu nyumba.

Anayeisahihisha kwa kalamu nyekundu ataona makosa. Anayeichambua ataona utaratibu. Kiambishi ba- cha watu kinafanana na kile cha Kiluba na Kibemba. Mahali panaonyeshwa kwa mu mwanzoni badala ya -ni mwishoni, kama katika lugha hizohizo. Urejeshi unabebwa na -enye, ambayo imechukua kazi ya kirejeshi na bado inapatana na nomino yake. Hii si lugha iliyopungukiwa. Ni lugha iliyojengwa upya na watu wazima waliotoka sehemu mbalimbali, waliowekwa pamoja kambini bila kuulizwa. Ni kazi ya akili zao, na ni mojawapo ya vitu vichache walivyotengeneza mgodini ambavyo kampuni haikuweza kuvisafirisha.

Tunapoita kazi hiyo "kuvunja", tunarudia hukumu ya bwana aliyejua hali ya amri tu. Sisemi Kiswahili sanifu kisifundishwe. Makala hii yenyewe imeandikwa kwa kukikaribia, ili isomwe Bukavu, Kisangani na ng'ambo ya ziwa. Nasema kwamba usanifu ni chombo cha kufikia wasomaji wengi, si kipimo cha nani ni mtu kamili. Tukivichanganya hivyo viwili, tutakuwa tumebadilisha kadi ya mwaka 1948 kwa kadi nyingine.

8. Pingamizi

Wapo watakaosema: uhuru umepita miaka zaidi ya 60, tusitafute Mbelgiji nyuma ya kila kosa letu. Pingamizi hili lina ukweli. Ofisi zinazomdharau mama wa kapu zinaongozwa na sisi, na kipande cha ubao nilivishwa na mwalimu mweusi aliyetupenda. Lakini kutaja chanzo hakumwondolei mrithi wajibu. Mtu akirithi nyumba yenye ufa, hakuuchora yeye. Hata hivyo mvua ikinyesha ni watoto wake wanaolowa. Na historia hii haiko mbali kama tunavyodhani. Mwezi Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua wasichana watano kutoka kwa mama zao Waafrika, kwa sababu tu baba zao walikuwa Wazungu. Waliofungua kesi ni wanawake walio hai. Kumbukumbu yenye mashahidi hai si hadithi ya kale.

Hitimisho

Nilirudi Katuba mara ya pili. Safari hii sikuanza na faida za lugha ya mama. Nilimwambia mama yule kwamba hofu yake ina sababu: kweli kulikuwa na wakati ambapo Kiswahili shuleni kilimaanisha "usipite hapa". Kisha nikamuuliza: je, kama mtoto angeanza kwa Kiswahili ili asome vizuri, akaongezewa Kifaransa hatua kwa hatua, na mlango wa juu ukawa wazi kwake? Alifikiri, akasema: "Muanze na bana ba bakubwa. Tukiona babo banasoma hivyo, na sisi tutakubali."

Sijapata jibu bora kuliko hilo katika kitabu chochote. Mama huyo ameweka sharti la haki: lugha ya Kiafrika isiwe tena lugha ya shule ya maskini. Kwetu sisi wa fakultee, kazi za kuanzia ziko karibu. Tuandike sarufi ya Kiswahili cha Katanga kama inavyosemwa, bila kuomba radhi. Tuwafundishe walimu watarajiwa kwamba kumvisha mtoto alama ya aibu si ufundishaji. Tutetee mitihani yenye kurasa za Kiswahili katika shule zote, zile za karo kubwa zikiwa za kwanza. Na kesho asubuhi, tukifika dirishani kabla ya mama mwenye kapu, tumpishe, tumsalimie kwa wingi: Jambo yenu, mama.